Mchawi Mpe Mwana Akulelee: Polisi, Mwaguzi na Mchawi katika Riwaya ya Upelelezi

1. Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kulijadili swali moja ambalo, kwa maoni yetu, halijapewa uzito unaostahiki katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili. Swali lenyewe ni hili: je, mpelelezi na mchawi waweza kuketi jamvi moja, wakashirikiana kumsaka mhalifu, na riwaya ikabaki kuwa riwaya ya upelelezi? Katika fasihi ya Kiingereza ya karne hii utanzu wa aina hiyo umekwisha kukita mizizi, na wanafunzi wetu wa uzamili wanausoma kwa hamu. Baadhi yao wameanza kutuletea miswada ya Kiswahili ambamo afisa wa polisi anapewa mchawi hatari awe msaidizi wake. Miswada hiyo husomeka kwa raha, na taharuki haikosi. Hata hivyo, kila nisomapo mmojawapo hubakiwa na wasiwasi, nami nimeona heri niufafanue hapa kuliko kuuficha nyuma ya alama za mtihani.

Wasiwasi huo hautokani na dharau kwa fantasia. Zama za kuhukumu kila kazi kwa kigezo cha uhalisia mkavu zimepita, na watunzi wetu wenyewe ndio waliozizika. Wala hautokani na dharau kwa riwaya pendwa, kapu ambalo wahakiki wengi wamezoea kuitupa riwaya ya upelelezi bila kuifungua. Tatizo tulionalo ni la kimantiki na, hatimaye, la kimaadili. Ili kulionyesha itatulazimu kwanza tumtazame mtu ambaye mpelelezi alikuja kumrithi, yaani mwaguzi.

2. Mwaguzi na mpelelezi: warithi wa kiti kimoja

Tukiivua riwaya ya upelelezi mapambo yake, tutabakiwa na mambo manne: tendo ovu lililofichika, mtu aliyedhurika anayetaka kujua, dalili zisizoeleweka, na mjuzi anayezisoma dalili hizo hadi akalitaja jina. Mambo hayo manne ndiyo pia yaliyomo katika kilinge cha mwaguzi. Mteja huja na msiba. Mjuzi hupiga ramli au hupandisha pepo. Jina hutajwa au hudokezwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika maelezo yake ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaonyesha jinsi jamii ya Mrima ilivyokuwa na njia zake za kumtambua mwizi na mchawi, vikiwemo viapo. Upelelezi, kwa hiyo, haukuletwa na meli. Kilicholetwa ni aina mpya ya upelelezi iliyodai kiti kilichokuwa tayari na mwenyewe.

Sheria ya kikoloni ilikifahamu kinyang'anyiro hicho vyema. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, haikuishia kumwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi ili kuwatisha wengine. Ilimwadhibu pia anayemwendea mtu ili amtajie mhalifu kwa njia ya uchawi. Yaani ilipiga marufuku upelelezi wa mwaguzi. Vilevile iliharamisha kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa tuhuma hizo zipelekwe kwa afisa wa utawala, polisi au chifu. Msomaji makini ataona kinaya kilichomo. Serikali isiyoamini kuwa uchawi upo ndiyo iliyomteua polisi awe mojawapo ya masikio machache halali ya kusikilizia tuhuma za uchawi. Afisa wa polisi wa Kiafrika, basi, alitiwa katika njia panda na sheria yenyewe kabla hajatiwa humo na mtunzi yeyote wa riwaya.

Tofauti kati ya warithi hao wawili iko katika mambo mawili. Kwanza, mwaguzi halazimiki kuonyesha njia aliyopita. Kauli yake hutosha. Mpelelezi hulazimika, na ndiyo maana sura ya mwisho ya riwaya ya upelelezi huwa ni maelezo marefu. Pili, wanajibu maswali tofauti. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika utafiti wake juu ya Wazande uliochapishwa mwaka 1937, alitoa mfano wa ghala la nafaka linaloanguka na kuwajeruhi watu waliokaa chini yake. Wazande walijua fika kwamba mchwa ndio waliozila nguzo. Walichouliza ni kwa nini liwaangukie watu wale, saa ile. Mpelelezi wa kisayansi hujibu swali la mchwa. Mwaguzi hujibu swali la watu wale na saa ile. Riwaya ikijibu la kwanza na kulicheka la pili, itakuwa imemaliza kesi na kumwacha mfiwa na msiba wake.

3. Bwana Msa mbele ya mzimu

Hapa ndipo tunapouona ukubwa wa Muhammed Said Abdulla, mtunzi ambaye tumezoea kumtaja kwa heshima kisha tukapita. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka 1968. Tuyatazame majina hayo kwa makini. Mzimu ni mahali pa matambiko. Giningi, katika masimulizi ya Visiwani, ni makao ya wachawi. Mtunzi anayetaka kuanzisha riwaya ya mantiki katika lugha isiyokuwa nayo angeweza kuanzia bandarini, benki au kituo cha polisi. Abdulla alianzia mlangoni mwa mpinzani wake.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti ya Bwana Ali inakutwa mahali pa matambiko, na hilo linatosha kuwafanya wengi wajiridhishe kwamba jibu limekwisha kupatikana. Bwana Msa, mpelelezi wa kujitegemea na mvuta kiko, anaingia katika kisa hiki akiwa na swahibu yake Najum, na kando yao yuko afisa wa polisi. Wahakiki wameona, na ni kweli, kwamba nyuma yake amesimama Sherlock Holmes. Mfano ulio karibu zaidi ni The Hound of the Baskervilles ya mwaka 1902, ambamo jinamizi la ukoo linageuka kuwa mbwa aliyepakwa fosforasi. Kanuni ya utanzu ilikuja kuandikwa waziwazi mwaka 1929 na Ronald Knox, kasisi na mtunzi wa Kiingereza, aliyeyafungia nje ya riwaya ya upelelezi mambo yote yanayopita maumbile.

Lakini Abdulla hafanyi uigaji mtupu, na hapa twatofautiana na wanaomwona kuwa mwangwi tu wa Conan Doyle. Katika riwaya ya Kiingereza hofu ya jinamizi ni ya nyumba moja iliyojitenga nyikani, na msomaji wa London anaitazama kwa mbali. Katika riwaya ya Abdulla hofu ni ya jamii nzima, akiwemo msomaji. Kwa sababu hiyo hawezi kuifuta kwa kicheko. Analofanya ni jambo la werevu zaidi: anaigeuza imani yenyewe kuwa ushahidi. Haulizi kama mzimu unaua. Anauliza ni nani anayefaidika watu wakiamini kwamba mzimu unaua. Imani inakuwa sehemu ya mazingira ya uhalifu, kama vile usiku, kama vile kichaka. Muuaji hujificha ndani yake.

Kuna zaidi ya hapo. Mafumbo ya Abdulla hufumbuliwa, mara nyingi, kwa kufichua nasaba na ndoa zilizositirika. Jibu halipatikani kwa mgeni aliyepita njia. Limo ndani ya nyumba. Mwaguzi naye, tangu hapo, alikuwa akisema hivyo hivyo: anayekuroga ni jirani au ndugu yako, kikulacho ki nguoni mwako. Bwana Msa anamnyang'anya mwaguzi mbinu lakini anaiacha hekima yake mahali pake. Kwa kufanya hivyo anajibu maswali yote mawili ya Wazande. Anatueleza habari za mchwa, kisha anatueleza kwa nini mtu yule, kwa nini saa ile. Nadhani hii ndiyo sababu riwaya zake zinasomeka mpaka leo, ilhali nyingi zilizomfuata zimebaki kumbukumbu.

Warithi wake walilikwepa suala hili. Elvis Musiba na Ben Mtobwa waliipeleka riwaya ya upelelezi mijini na katika ujasusi. Willy Gamba na Joram Kiango wanapambana na njama za kimataifa, mara nyingi za utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Mtobwa huazima msamiati wa kuzimu na wa shetani katika majina ya vitabu vyake, kama Salamu Toka Kuzimu na Malaika wa Shetani, lakini azimo hilo ni la kutisha tu. Mwaguzi ametoweka jukwaani bila hata kushindwa.

4. Mkataba wa mito ya London

Sasa tuuvuke mpaka aliouweka Knox. Mfano ninaouchagua ni Rivers of London ya Ben Aaronovitch, iliyotoka mwaka 2011 na kuzaa mfululizo mrefu. Mhusika mkuu, Peter Grant, ni konstebo katika polisi ya London, mwana wa mama kutoka Sierra Leone. Kisa kinaanza anapolinda mahali pa mauaji huko Covent Garden na kupata shahidi ambaye bahati mbaya ni mzuka. Punde anachukuliwa kuwa mwanafunzi wa Inspekta Mkuu Thomas Nightingale, mganga rasmi wa polisi kama tutaruhusiwa kumwita hivyo, anayesimamia kitengo ambacho wakubwa hawapendi kukitaja hadharani.

Kinachotuhusu zaidi si uchawi wa fimbo na maneno ya Kilatini. Ni mkabala wa riwaya hiyo kwa viumbe hatari. Mito ya London ina wenyewe: Mama Thames, aliyetoka Nigeria na kuutamalaki mto sehemu ya mjini, na Baba Thames, mzee wa sehemu za juu. Ugomvi wao waweza kuleta maafa. Polisi hawana uwezo wa kuwakamata, wala haiwafai kujifanya hawapo. Hivyo Grant anapatanisha. Ufumbuzi wenyewe ni wa kubadilishana wana: binti wa upande mmoja anakwenda kuishi kwa upande wa pili, na kijana wa upande wa pili anakuja mjini. Kila mzazi anamlea mwana wa hasimu wake, na kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kutulia.

Msomaji wa Kiswahili akifika hapo hawezi kujizuia kutabasamu, kwani methali yake imetimizwa neno kwa neno: mchawi mpe mwana akulelee. Methali hii tumezoea kuifafanulia wanafunzi wa sekondari kwa haraka, kana kwamba ni ushauri wa kuwa na moyo mkubwa. Kwa hakika ni nadharia kamili ya ulinzi. Mchawi akikabidhiwa mtoto mbele ya watu, hawezi kumdhuru, kwa sababu mtoto akiugua tu kila mmoja atajua pa kwenda kuuliza. Amana inageuka kuwa pingu. Aliyekuwa hatari kwa siri anafanywa mwajibikaji kwa dhahiri.

Huu ndio msingi wa utanzu mzima wa polisi na wachawi, na ni msingi ambao jamii yetu ilikuwa nao kabla ya Aaronovitch. Mtunzi wa Kiswahili hana haja ya kwenda Ulaya kuuchukua. Kwa hoja hii ninawaunga mkono wanafunzi wangu: jamvi moja kati ya mpelelezi na mchawi linawezekana, na mantiki ya upelelezi haivunjiki ilimradi uchawi uliomo uwe na kanuni ambazo msomaji anazijua mapema. Knox aliogopa udanganyifu. Kanuni zikiwa wazi, udanganyifu haupo.

5. Mchawi akikalia kiti

Hata hivyo, fasihi yetu ina jambo la kumwambia Aaronovitch pia. Mkataba wa London unakubalika kwa sababu msomaji anaamini, kwa kiasi, kwamba polisi ni upande wa haki. Watunzi wa Kiswahili wa miaka ya 1990 na baadaye hawakuwa na imani hiyo. Said Ahmed Mohamed, katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi ya mwaka 1990, anairejesha Giningi. Safari hii si kichaka cha kumfichia muuaji. Ni dola, na mtawala wake ni Bi Kirembwe. Mchawi hahitaji kuajiriwa na serikali. Yeye ndiye serikali. Kazi ya uchawi ni kuwafanya raia wasione wanachokiona.

Mtunzi huyohuyo, katika riwaya yake Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, anaupindua upelelezi wote. Mzuka wa babu unatoka kaburini kumjia mjukuu wake K, mkubwa aliyeneemeka katika utawala uliooza, na kumlazimisha atazame aliyoyasaidia kutendeka. Hapa marehemu ndiye mpelelezi na afisa ndiye mshukiwa. Naye Kyallo Wadi Wamitila, katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002, anatupa msafiri anayemsaka kiumbe aitwaye P.P., ambaye nyayo za uharibifu wake anakutana nazo kila aendako. Muundo wake ni wa upelelezi, mazingira ni ya jinamizi, na mhalifu ni mfumo wa dunia. Kazi hizi tatu hazijaitwa za upelelezi na mhakiki yeyote ninayemfahamu. Lakini ndizo zilizoendelea na swali la Abdulla pale ambapo Musiba na Mtobwa waliliachia njiani: ni nani anayefaidika na hofu yetu?

6. Ni nani aliyemtaja mchawi?

Sasa tuurudie wasiwasi tulioanza nao. Methali yetu ina pengo moja. Inatuambia tumpe mchawi mwana, lakini haituambii tulijuaje kwamba ni mchawi. Inachukulia kwamba jambo hilo limekwisha kujulikana. Katika London ya Aaronovitch pengo hilo halidhuru mtu, kwa sababu msomaji akifunga kitabu hatatoka nje na kumkuta Mama Thames akichota maji. Kwetu sisi hali ni nyingine. Mwezi Mei mwaka 2008, huko Kisii, kundi la watu liliwachoma moto hadi kufa watu wasiopungua kumi na mmoja waliodaiwa kuwa wachawi. Mwezi Oktoba mwaka 2021, katika eneo hilohilo, wanawake wanne wazee waliuawa kwa madai kama hayo. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kisingizio cha uchawi huku nyuma yake mkiwa na ugomvi wa mashamba. Usukumani, nchini Tanzania, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo mara nyingi huletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Miswada ninayoisoma huanza, takriban yote, kwa mchawi ambaye tayari anajulikana. Ni mwanamke, ni mzee, anakaa peke yake, na ni hatari kweli. Polisi anamwendea usiku kuomba msaada. Mtunzi anadhani ameikomboa sura ya mchawi kwa kumpa kazi ya heshima. Kwa kweli ameithibitisha kauli ya kundi lenye mafuta ya taa na kiberiti. Tofauti kati ya polisi wake na kundi hilo ni kwamba polisi amepata matumizi mengine ya mwanamke yuleyule. Lile swali la kwanza la upelelezi, ushahidi uko wapi, halikuulizwa juu yake. Liliulizwa juu ya mhalifu mwingine tu.

Isifikiriwe kwamba napendekeza mchawi apigwe marufuku katika riwaya. Sheria ya 1925 ilijaribu kumwondoa kwa amri na haikufaulu. Napendekeza kigezo. Riwaya ya polisi na mchawi na ipimwe kwa namna inavyolitaja jina la mchawi. Kama jina linatajwa na uvumi, riwaya imerudi kwenye kilinge, hata ikiwa na bunduki na redio za polisi. Kama mchawi mwenyewe anajitaja, kwa hiari na kwa masharti, kama wafanyavyo wenye mito ya London, basi kuna mkataba. Na kama riwaya inamfuata aliyelitaja jina na kumuuliza alinufaika na nini, imeingia katika nyayo za Bwana Msa, na hapo hata fantasia ikiwa nyingi kiasi gani haitaidhuru.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mpelelezi na mwaguzi ni warithi wa kiti kimoja. Kwamba Muhammed Said Abdulla alimshinda mwaguzi kwa kuigeuza imani kuwa ushahidi wala si kwa kuibeza. Kwamba ushirikiano wa polisi na mchawi una msingi katika methali yetu wenyewe. Na kwamba msingi huo haujakamilika mpaka tuulize jina la mchawi lilitoka kinywani mwa nani. Uchambuzi huu hauwezi kudai kuwa umemaliza mada. Riwaya za Abdulla zilizofuata, tangu Duniani Kuna Watu hadi Kosa la Bwana Msa, zinahitaji kusomwa upya kwa jicho hili, na hiyo ni kazi inayomfaa mwanafunzi mwenye subira.

Kwa wale wanaotunga, neno langu ni fupi. Mpelelezi wenu akifika nyumbani kwa bibi mwenye macho mekundu, asimwombe dawa kabla hajaingia jikoni. Auangalie moshi kwanza. Kisha atoke nje, awaendee waliomwelekeza nyumba ile, awaulize shamba linalopakana nalo ni la nani.